Maji kwenye koo la bunduki

Sauti iliyoniamsha ilikuwa ndogo: tak, kimya, tak, kimya, kama mtu anayetwanga karanga kidogo asitake majirani wasikie. Majogoo walikuwa hawajawika. Nilipapasa upande wa pili wa kitanda nikakuta mkeka umepoa.

Mume wangu alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu na moto, na bunduki ya marehemu baba yake imesimama katikati ya magoti yake. Mkononi alishika mdeki, ile fimbo nyembamba ya chuma ya kushindilia baruti. Aliuinua, akaushusha ndani ya mtutu, akainamisha kichwa kusikiliza. Tak.

"Baba Odile," nikasema, "unafanya nini?"

"Ninamulisha."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Kulisha bunduki, kwao, ni kuishindilia baruti.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho. Tangazo lilisomwa kanisani kwetu, likasomwa na msikitini kwa wenzetu: kila mwenye bunduki ya namna yoyote aipeleke Wamaza, mbele ya kamisheni iliyotumwa kutoka Kabambare. Zenye karatasi za serikali zitaandikwa upya na huenda zikarudishwa kwa wenyewe. Pupu, zile zinazofuliwa na wahunzi wetu, hazitarudi. Magobori ya wazee nayo hayatarudi. Zote zije tupu, zimefungwa pamoja, mchana kweupe. Kuanzia Jumamosi askari wangepita nyumba kwa nyumba, na mtu atakayekutwa na bunduki angehesabiwa kuwa mtu wa msituni, muasi. Huku kwetu hakuna asiyejua mtu wa msituni hufanywa nini akikamatwa.

Sikuichukia amri ile. Pitchou, mtoto wa dada yangu, aliuawa kwenye njia ya Salamabila kwa ajili ya simu tu, na aliyemuua alitumia pupu ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka mkono gani. Nilipoisikia amri kanisani nilisema moyoni, afadhali. Kisha nikageuka kumtazama mume wangu, Grégoire, nikaona anautazama mwamvuli wake kama mtu anayesoma.

Tulikuwa na bunduki tatu nyumbani. Ya kwanza ni kalibri kumi na mbili, bunduki ya dukani aliyoinunua kwa pamba wakati pamba bado inalimwa, na karatasi yake tumeitunza ndani ya Biblia. Ya pili ni pupu, mtutu wake ni chuma cha usukani wa gari, nzito, mbaya kwa sura, ya kutishia nyani shambani. Ya tatu ndiyo hii, gobori la baba yake, jina lake Mulezi. Lilipewa jina hilo kwa sababu lililea nyumba. Watoto wangu wote waliota meno kwa mchuzi wa nyama ya Mulezi. Kitako chake kina alama za misumari ya shaba, moja kwa kila nguruwe mkubwa, na mtu akitaka kumpendeza Grégoire alimwomba tu amsomee misumari ile.

"Walisema zije tupu," nikamwambia.

"Fataki sijaweka. Bila fataki haiwezi kulia."

"Baruti imo."

"Mama Odile." Alisema polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu. "Bunduki haitoki nyumbani na njaa. Ikienda na njaa itatafuta chakula njiani, na njiani ni weye unapita. Baba alinifundisha hivyo, naye alifundishwa. Hii safari yake ni ya mwisho. Unataka nimutoe na njaa?"

Nilimwomba aitoe ile baruti. Akasema gobori lililoshindiliwa halina njia ya kutapika ila kwa kulia, na kulia alfajiri, siku ya mwisho ya amri, wakati kambi ya askari iko juu ya kilima cha ng'ambo, ni kuwaita waje na hasira. Hilo nililiona. Basi nikasema neno lingine, nalo nililisema kwa sauti ya chini sana.

"Tutie maji ndani. Baruti itakufa."

Alinitazama kama nimesema tutie maji ndani ya jeneza. Na kweli ndivyo ilivyo. Katika ukoo wa mume wangu maji hutiwa kwenye koo la bunduki siku moja tu, siku mwenye nayo amekufa. Ndugu zake huiosha ndani, maji meusi yakatiririka mbele ya mlango, na watu wakajua kwamba mwindaji hayupo tena. Mimi mwenyewe nilikuwepo baba mkwe alipooshewa Mulezi, na Grégoire ndiye aliyemimina.

"Mimi ningali nahema," akasema. "Ungali unasikia?"

"Ninasikia."

"Basi beba hivyo hivyo. Waambie askari wenyewe waipige kwenye kichaka. Wana ruhusa."

Yeye asingeweza kwenda. Nyonga yake ilivunjika zamani alipoanguka kutoka kwenye mti wa kuotea, na sasa hutembea na fimbo mpaka kanisani tu, ng'ambo ya uwanja, akarudi akihema. Vijana wa pikipiki hakuna aliyetaka kubeba bunduki nyuma yake, hata kama ni kuipeleka kwa serikali. Kazi ikabaki kwangu. Nilizifunga zote tatu kwa kamba ya magome kama kuni, midomo nje ionekane, nikazungushia mkeka katikati, nikachukua na karatasi kutoka ndani ya Biblia. Grégoire alinipandishia mzigo kichwani. Mkono wake ulibaki kwenye kitako cha Mulezi kidogo, kisha akauondoa.

Njiani nilikutana na Waridi, jirani yetu, mjane, mzaliwa wa Kasongo mjini aliyeletwa huku na ndoa. Naye alikuwa na pupu ya marehemu mumewe, ameifunga ndani ya kitenge kizuri chenye maua.

"Umeivalisha kama bibi harusi," nikamwambia.

"Acha tu, da Émérance. Miaka yote ile bunduki hii ilituletea kanga mmoja. Tena yule kanga alikuwa mugonjwa, alikuja mwenyewe. Leo waichukue, mimi nitapika sherehe."

Nilicheka, lakini shingo haikucheka. Nilihisi kila hatua yangu ikishuka ndani ya mtutu ule na kugonga mahali baruti ilipolala. Waridi aliona. Ni mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayapotezi kitu.

"Una nini?"

Nikamwambia. Akasimama katikati ya njia.

"Ya Rabi! Imeshindiliwa? Na sisi tunaenda nayo bariyeri?"

Kati yetu na Wamaza kuna bariyeri ya askari, mwanzi uliolazwa juu ya njia, na kabla ya kuifikia kuna kijito. Tulipofika kijitoni Waridi alinishusha mzigo bila kuniuliza. Alivua kandambili zake, akaingia majini, akachota kwa kibuyu chake cha kunywea.

"Leta mudomo wake hapa. Hatajua. Nani atamuambia? Mimi? Mimi kaburi."

Nilifungua kamba. Nikaushika mtutu wa Mulezi, nikauinamisha. Maji yalikuwa safi, yanaonyesha kokoto za chini, na mkono wa Waridi ulikuwa tayari juu ya mdomo wa bunduki. Ingechukua muda wa kumeza mate tu. Nilifikiri habari ya mtu ambaye wakati huo alikuwa ameketi uwanjani kwetu akitazama upande wa njia, na kwamba mimi, mke wake, ningekuwa nimemzika bila yeye kujua, kisha nirudi jioni nimpakulie ugali.

"Siwezi, Waridi."

"Watatuua."

"Wee tangulia. Useme hunijui."

"Nikutangulie niende wapi?" Alimwaga maji. Alinisaidia kufunga kamba tena, akafunga vizuri kuliko mimi. "Mujinga mukubwa wewe. Twende."

Bariyerini walikuwapo askari wanne na ajida, mkuu wao, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Niliamua nisingoje waitafute. Kabla hatujafika kwenye mwanzi nilishusha mzigo chini, nikarudi nyuma, nikainua mikono.

"Komanda, jambo. Tunapeleka bunduki kwa kamisheni. Lakini moja imeshindiliwa. Haina fataki. Nawaambia mbele, musije mukashituka."

Wakashituka vilevile. Nilisikia vyuma vyao vikigongana, na midomo minne ya bunduki ikanitazama. "Chini! Chini wote!" Waridi alikwisha lala kifudifudi, anasoma dua yake kwa haraka hadi maneno yakakanyagana. Mimi magoti yangu hayakunjiki haraka. Nilishika ardhi kwa mkono mmoja, kisha wa pili, nikashuka taratibu, huku nikiogopa kwamba utaratibu wenyewe utaonekana ujeuri.

Askari mmoja, aitwaye Dady, mtu wa makamo hivi, aliufungua mzigo. Alichomoa mdeki uliochomekwa chini ya mtutu wa Mulezi, akautelemsha ndani, akaweka kidole mahali ulipoishia, akautoa na kuupima kwa nje. Ulikuwa umepungua kwa upana wa kiganja.

"Ni kweli. Iko na kitu."

"Nani alishindilia?" ajida akauliza.

Nikautazama mwanzi uliolazwa njiani.

"Mama, nakuuliza. Leo ni siku ya kamisheni. Wakubwa wameketi pale Wamaza. Bunduki imejaa inaenda kwao. Ilikuwa ya nani? Ulitaka kumupiga nani?"

"Hakuna mutu, mutoto wangu."

"Mimi si mutoto wako."

"Samahani, komanda."

"Sikiliza. Sheria ya sasa si ile ya zamani. Mwenye kukutwa nayo ndiye mwenye kosa. Hatuulizi tena ni ya babu, ni ya shangazi. Weye ndiye umebeba. Utaenda kufungwa Kabambare, kwenye kachot, mpaka wakuhukumu."

Waridi aliinua uso wenye vumbi. "Ni muzee wake!" akalia. "Muzee wake aliilisha asubuhi! Huyu hana kosa, hata kijitoni tulitaka..." Nilimfinya mkono, lakini neno lilikwisha toka.

"Muzee iko wapi?"

Waridi akauficha uso tena kwenye vumbi. Lakini kijiji chetu ni kimoja upande ule, na mzee mwenye bunduki tatu hahitaji kutafutwa. Ajida alituma askari wawili kwa pikipiki.

Tulingoja. Jua lilipanda likakaa juu ya vichwa vyetu. Ajida alikuwa amesema tukae kwa magoti, na hakuna aliyethubutu kulegeza neno hilo. Lakini alipokwenda kuzungumza kwenye redio yake, Dady aliokota gunia tupu, akalikunja mara mbili, akalisukuma kwa mguu mpaka likafika chini ya magoti yangu. Hakunitazama. Alifanya kama mtu anayefagia njia. Nililia wakati ule, si kabla, kwa ajili ya gunia lile.

Nilikuwa nikisikiliza. Kama wangempiga kule nyumbani nisingesikia, ni mbali. Hata hivyo nilisikiliza.

Pikipiki ilirudi, naye yuko katikati ya askari wawili, fimbo yake imelazwa mapajani. Hakuwa na jeraha. Walimshusha vibaya, akayumba, na ajida mwenyewe akamshika kiwiko asianguke. Hilo pia nililiona, nikaliweka.

Grégoire hakumtazama ajida. Alinitazama mimi, kisha magoti yangu, kisha gunia.

"Weye ulishindilia hii?" ajida akauliza.

"Mimi."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa inatoka nyumbani. Haiwezi kutoka na njaa."

Askari mmoja akacheka. Ajida hakucheka, alijipangusa uso. "Papa, mimi nina vita hapa. Nina watu wanakufa kule mbele. Unaniambia chuma kina njaa?" Kisha akasema kwa sauti nyingine, kama aliyechoka kweli, "Haya. Chukueni maji, mutie ndani, baruti ife, mambo yaishe. Muende kamisheni, muandikwe, murudi nyumbani."

Nilifumba macho.

"Hapana," Grégoire akasema. "Nipe ruhusa niipige. Moja tu. Kule kwenye kichaka."

"Juzi katika kijiji kimoja watu walipiga moja tu, ya furaha ya harusi. Waliojibu hawakujua ni harusi. Nikipiga moja hapa, kule Wamaza watajibu na mia, na wataelekeza huku. Hapana."

"Basi nipeleke Kabambare. Nifunge. Niko tayari."

"Aliyekutwa nayo si weye. Ni mama. Karatasi itaandikwa jina la mama. Ndivyo amri ilivyo, sikuiandika mimi." Akaelekeza kidole kwenye kichaka ambako pikipiki ilikuwa bado inanguruma. "Maji, au mama anapanda pikipiki sasa. Chagua, papa, wakuu wanangoja."

Hawakujua wanamwomba nini. Hata Waridi, aliyeyajua mambo hayo kwa kusikia tu, alikuwa anamfanyia ishara kwa macho: kubali, kubali. Mimi peke yangu nilijua. Sikutaka aseme ndiyo kwa ajili yangu, wala sikuwa na nguvu ya kumwambia aseme hapana. Nilikuwa mzee mwenye magoti mabovu, ninaogopa kachot ya Kabambare, na nilitaka kurudi nyumbani kwangu. Grégoire aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nyuki walikuwa wanazunguka karibu na maganda ya miwa ambayo askari walikuwa wametafuna.

"Leteni maji," akasema.

Mmoja alianza kuchota kwenye ndoo. Dady akamzuia, akafungua kidumu chake mwenyewe cha kunywa. Alimletea Grégoire bunduki yake, Mulezi, kwa mikono miwili, kitako mbele, kama mtu anayempa mkwe kiti. Grégoire alipiga magoti kwa nyonga ile mbovu. Kwa miaka mingi sikuwa nimemwona akipiga magoti, hata kanisani. Akasema kwa Kibangubangu maneno yanayosemwa, yote, hakuruka hata moja, na pale panapotajwa jina la marehemu akataja jina lake mwenyewe. Kisha akamimina.

Dady alivua kofia yake akageuza uso. Sijui kama alielewa au la. Alijua tu kwamba hapo pana kitu ambacho mtu hakitazami.

Maji yalitoka meusi, yakapita chini ya mwanzi, yakashuka na njia.

Kule Wamaza, ambako Grégoire alipelekwa na kurudishwa kwa pikipiki ya askari, kila kitu kilikuwa rahisi, na urahisi ule ulinitia uchungu. Waliketi nyuma ya meza, wakaandika. Pupu yetu na ya Waridi zilitupwa kwenye rundo. Mulezi alilazwa juu yake, misumari yake ikang'aa kidogo. Kalibri tulirudishiwa pamoja na karatasi mpya, na mwandishi akatuambia kwamba tangu sasa askari atapita kuikagua nyumbani, na siku asipoikuta itakuwa kosa. Alikuwa kijana mpole, alimwita Grégoire baba. Waridi ndiye aliyejibu kwa niaba yake, akaibeba kalibri mpaka nyumbani, na safari nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Kuanzia jioni ile mume wangu alikuwa marehemu.

Sisemi kwamba alikuwa mgonjwa. Alilala akielekea ukutani. Nilipompakulia nyama alisema, "Wafu hawali," na nilipompa ugali mtupu alimega matonge mawili, nadhani kwa kunihurumia. Kalibri aliitundika mwenyewe kwenye msumari, akaipa mgongo. Nyani walijua upesi kuliko watu. Waliingia kwenye mahindi mchana, wakaketi wakimenya kama watoto wa shule wakati wa mapumziko, na usiku nguruwe wakafukua mihogo. Waridi na mimi tulipiga masufuria mpaka yakatoboka. Odile, binti yetu, alikuja kutoka Kasongo, akaketi pembeni ya kitanda akimsihi baba yake. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, ulikuja kuzika. Umefanya vema." Odile akatoka akilia, nami nikamfuata nje, nikaogopa kurudi ndani. Mbavu za Grégoire zilikuwa zimeanza kuhesabika. Nilijua nikikawia kumpata mtu wa kumwita arudi kwa walio hai, tutamzika kweli.

Askari akaja asubuhi moja, kwa miguu, bunduki begani. Nilikuwa ninaanika mihogo kidogo iliyosalia. Nilipomwona anaingia uwanjani, ungo uliniponyoka. Nilifikiri, wamegeuza neno lao, wamekuja kumchukua. Alipovua kofia nikamtambua ni Dady.

"Mama, yambo. Nimetumwa kuona ile kalibri."

"Iko ndani. Mwenyewe hawezi kuamka."

"Lazima anionyeshe yeye. Ndivyo walisema."

Nilimtangulia. Chumbani palikuwa na giza na harufu ya mtu asiyeoga. Dady alisimama mlangoni, macho yakazoea, akaiona kalibri ukutani, akamwona na mtu aliyelala chini yake.

"Papa, yambo. Nimekuja kukagua bunduki."

"Mwenye nyumba amekufa," Grégoire akasema kwa ukuta.

Nilishika mkono wa Dady. Nilitaka kumwambia asikasirike, si dharau, ni maji yale. Nilitaka kumweleza yote kwa pumzi moja na sikupata pa kuanzia. Yeye alitazama kitanda, akatazama uso wangu. Kisha akaishusha bunduki yake begani, akatoka nayo nje, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Alirudi mikono mitupu. Akaketi chini, mgongo kwenye udongo, magoti juu, kama watu wanavyoketi matangani.

"Poleni na msiba," akasema.

Nikajibu kwa sababu ndivyo hujibiwa. "Tumeshapoa."

Nilisikia nyani kule shambani, nikawaacha waendelee kula. Nilileta maji, akanywa nusu, akashukuru. Kivuli cha mlango kilitembea sakafuni mpaka kikagusa viatu vyake. Nilijua ana komanda anayemngoja, na kwamba kukaa kule ni kujitafutia maneno. Hakuondoka.

"Kwetu ni mbali," akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Sikupata kumujua marehemu. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Kitanda kikalia kidogo.

"Alikuwa na kichwa kigumu," nikasema, maana mtu akiuliza hivyo msibani lazima ajibiwe. "Alikuwa anaingia porini bila kula, juu ya nini, sijui."

"Shiba inanuka," sauti ikatoka ukutani. "Nguruwe anaisikia."

"Kumbe," Dady akasema. "Na nyani?"

"Nyani hana haja ya bunduki. Marehemu alikuwa anajua hilo. Bunduki ilikuwa ya kumutisha tu." Akapumua. "Nyani unamukamata mukubwa wao kwa kamba, humuui, unamupaka unga mweupe, unamuachia. Wenzake wanamukimbia, yeye anawafuata. Wanakimbia mpaka Kasongo."

Dady alicheka. Alijaribu kujizuia kwa sababu ni msiba, lakini kicheko kilimshinda, na mimi pia nikacheka, machozi yananitoka. Grégoire hakucheka. Lakini aligeuka. Polepole sana, kwa nyonga ile, akageuka na kuuacha ukuta, akamtazama mgeni aliyeketi sakafuni kwake.

Walizungumza habari za marehemu mpaka jua likapinda. Namna alivyotega kwa kamba za porini. Namna alivyowahi kulala juu ya mti na chui chini yake, wote wawili wakiona haya kuondoka kwanza. Dady aliuliza maswali ya mtu aliyekua na baba wa porini, na kila swali lilimvuta Grégoire kidogo, mpaka akawa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Nilileta ugali na sombe, majani ya mihogo. Sikuweka nyama, sikutaka kuharakisha. Walikula sahani moja.

Kisha Dady akasimama. Aliigusa kalibri kwa kidole mahali ilipotundikwa, akaandika alama yake kwenye karatasi, akasema kazi imekwisha, atamwambia komanda kwamba ameiona. Alitoka, akachukua bunduki yake ukutani mwa jiko.

Fimbo iligonga sakafu nyuma yangu. Grégoire alikuwa amefika mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mmoja, jua limempiga usoni hadi akakunja macho.

"Wee soda," akamwita yule askari. "Matanga haiishi siku moja. Urudi tena."